Kauli ya Bado

Sekela Mwakibolwa alijua fani aliyoichagua kwa kuisoma kwenye barua, kama mtu anayesoma matangazo ya vifo akakuta jina lake mwenyewe. Barua ilitokea Jumatatu asubuhi kwenye ukuta wa jikoni, maana siku hizi barua za serikali haziji na mtu wala hazipigi hodi. Unageuka kuchukua chumvi, unaikuta imekukodolea macho.

*Hongera, Sekela. Kauli yako imepokelewa. Fani: Uhandisi wa Mvuke wa Ardhini. Fika Kituo cha Kauli siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, kwa ajili ya Utulizo.*

Mama yake, Mama Ipyana, alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikaenda huku, ndizi ikaenda kule, kigelegele kikaenda hadi kwa jirani.

"We mtoto! Kumbe umeamua! Na ulivyotusumbua!"

"Mama, mimi sijaamua."

"Barua inasema umeamua."

"Basi barua ndiyo iliyoamua, mama, si mimi."

Nani amsikilize? Mama Ipyana alikuwa ameshafika uani, na habari ilikuwa imeshavuka ua. Tusimlaumu. Mwaka mzima alikuwa akiulizwa kanisani, sokoni na kwenye foleni ya maziwa: binti yako kachagua nini? Naye kila mara anatazama chini. Tukuyu nzima ilikuwa na msemo mmoja kwa ajili ya Sekela, kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Za Sekela zilikuwa sita.

Tatizo lake halikuwa kukosa anachokipenda. Ukifikisha miaka kumi na tisa unaketishwa kwenye kiti cha Upeo, unavishwa kofia, unafumba macho, na kwa dakika arobaini unaishi miaka kumi na mmoja ya kazi fulani. Unajifunza, unachoka, unagombana na mkubwa wako, unapandishwa cheo, unaota mvi mbili tatu. Ukivuliwa kofia, chai yako ina moto vilevile. Wengi wanaishi kazi mbili, wanaruka kitini wakipiga kelele "hii hapa!" Sekela aliishi sita. Alikuwa muuguzi, akapenda. Akafundisha hesabu, akapenda. Akapima ubora wa maziwa, akatunga sheria za maji, akafuga samaki, na mwisho akachimba visima vya mvuke pembeni mwa mlima, kule unakotoka umeme wa nyanda zote za juu. Akapenda vyote, jamani, mpaka akawa analia akivuliwa kofia.

Baada ya kofia ya sita, sauti ya mashine ilimwuliza swali moja. Alikuwa amechoka miaka sitini na sita. Akajibu neno moja akaenda zake, akijua ataitwa tena. Hakuitwa. Ilikuja barua ya hongera.

Kilichomtisha ni lile neno la mwisho la barua. Utulizo ni kofia nyingine kabisa. Ile ya kwanza inakuonyesha; hii inakubadili. Unalala dakika kumi na mbili, vijimdundo vya umeme vinapenyezwa pale kichwani mapenzi yanapokaa, na ukiamka, fani yako unaipenda. Huipendi kwa kujilazimisha, la. Unaipenda kama unavyopenda ubwabwa. Tangu Utulizo uanze, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kujuta, na wazazi waliusifu mno. "Kijana wa fulani katulia," ndiyo ilikuwa sifa kubwa mjini. Na haurudishwi nyuma.

Sekela alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akahesabu siku kwa vidole. Zilikuwa tatu.

*

Kituo cha Kauli kilikuwa na msikilizaji mmoja, Bi Zamzam Makame, mama wa Kiunguja aliyekaa Tukuyu miaka kumi na kuikataa baridi yake miaka yote kumi. Alivaa sweta mbili juu ya baibui. Kazi yake ilikuwa kutunza sauti za watu waliotoa kauli.

"Shikamoo, Bi Zamzam."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mbona uso umekusinyaa hivyo?"

Sekela akamweleza. Bi Zamzam akabonyeza hapa na pale, na sauti ya mashine, laini kama ya mwuza manukato, ikajaa chumbani:

*"Sekela, bado unaitaka fani hii?"*

Ikafuata pumzi ndefu. Kisha sauti ya Sekela, imechoka: *"Bado."*

Kisha kengele. Ting!

Bi Zamzam akairudisha, akaisikiliza tena, akajishika kichwa. "Ewe Mola! Ulikusudia nini?"

"Kwamba bado sijajua. Kwani neno lina maana nyingine?"

"Linayo! Mgonjwa ukimwuliza bado unaumwa, akakujibu bado, si anaumwa? Bado maana yake jambo lingali vilevile, linaendelea. Ukimwuliza mtu umekula, akakujibu bado, huyo hajala. Sisi tunaelewana kwa uso na kwa sauti. Mashine hii ililetwa na ndiyo yake na hapana yake, ikafundishwa Kiswahili kwa wiki sita, kwa haraka. Ikaambiwa bado ni jambo linaloendelea, basi. Wewe umeulizwa kama ungali unaitaka fani, ukasema bado. Ikaandika ndiyo."

"Sasa ningesemaje?"

"Ungesema hapana."

"Hapana kwa lipi, Bi Zamzam? Fani sijaikataa. Mtu akikuuliza kama umeolewa, unamjibu hapana?"

"Hasha!" Bi Zamzam akacheka bila kutaka. "Unasema bado. Hata ajuza wa miaka themanini husema bado. Hapana ni neno la kumfungia mtu mlango usoni."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko hakikufika mbali. Bi Zamzam alikuwa ameshaanza kupekua. Alitaka kujua neno hilo limejibiwa mara ngapi tangu mashine ifungwe. Namba ikatokea, akavuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Mia tatu na kumi na wawili. Wilaya hii peke yake, ukiachilia wewe. Wote wameshatulizwa." Akatazama mlangoni. "Mwanangu, sina ruhusa ya kukuonyesha majina. Ila mmoja wao ni Mwakibolwa."

Sekela hakuhitaji kuambiwa jina la kwanza. Walitoka wawili tu tumboni mwa mama yao: kaka yake Ipyana, na yeye.

"Sikiliza," Bi Zamzam akasema. "Njia ni mbili. Ya kwanza, naifuta sauti yako sasa hivi, naandika kwamba kipaza sauti kilikuwa kibovu, unarudi kitini mwezi ujao. Hakuna atakayejua. Ya pili, unaweka pingamizi la neno lenyewe. Msajili atasikiliza, na ukishinda, kila aliyejibu bado atapelekewa ujumbe kwamba kauli yake ilisomwa vibaya. Watu mia tatu na kumi na wawili, wameoa, wamejenga, wanalala usingizi wao. Utawaambia maisha wanayoyapenda hawakuyachagua. Na kuwarudisha walikotoka haiwezekani."

"Na nikichukua ile ya kwanza?"

"Wataendelea kulala. Na Alhamisi ya wiki ijayo atakuja mtoto mwingine, ataulizwa, atasema bado."

Ile ya kwanza ilikuwa tamu, tusidanganyane. Sekela aliitamani mpaka akameza mate. Alikuwa mtoto wa kuhangaika juu ya rangi ya shati, na hapa anatakiwa aamue kuhusu amani ya watu mia tatu! Alifungua kinywa kusema futa. Kilichomzuia ni Ipyana tu. Alimwona akilini akija Jumapili kula wali, akiusifu mlima wake kwa mdomo uliojaa, na yeye Sekela akimtazama, akijua, akimsogezea mboga. Angeweza kufanya hivyo mara ngapi?

"Naomba mpaka kesho," akasema. "Kuna mtu wa kumwuliza kwanza."

*

Ipyana alikuwa mpimaji wa nyufa. Juu kule kwenye mabomba ya mvuke, mlima hupasuka kidogo kidogo, na lazima awepo mtu wa kuingiza kijiti cha chuma kwenye kila ufa na kusikiliza umeongezeka kiasi gani. Sekela alimkuta amepiga magoti kwenye ukungu, anapiga mluzi. Miaka sita alikuwa anapiga mluzi.

"Mhandisi wangu!" akaita. "Mama kaniambia. Tutakuwa wote huku juu! Njoo uone ufa huu, una tabia mbaya kama shangazi Tusajigwe."

"Kaka, kaa chini."

"Nimekaa. Nani kafa?"

Akamwambia yote, kuanzia barua mpaka ile namba, na Mwakibolwa aliyemo. Alisema haraka, macho kwenye buti zake, akiogopa kutazama. Alipomaliza, Ipyana alikuwa amechomoa kijiti ufani.

"Nilisema bado," Ipyana akasema mwishowe. "Nakumbuka. Nilisema bado, kengele ikalia, nikadhani ndivyo inavyokuwa."

"Pole, kaka."

"Nilikuwa napenda kitu kingine kabla ya hapa. Nakumbuka kama unavyokumbuka jina la mwalimu wa darasa la pili. Nilikuwa nashona?"

"Viatu. Ulinishonea vya kipaimara. Vyekundu, na vilinibana."

"Vilikubana?"

"Sana. Sikukuambia."

Ipyana alitaka kucheka, akaacha. Akatupa kijiti chini, na Sekela alikuwa hajawahi kumwona akikitupa. "Mimi naupenda mlima huu, Sekela. Sasa hivi, hata baada ya haya uliyoniambia, naupenda. Sitaki kuondoka. Ila hilo neno sitaki, sasa sijui ni langu au ni lao. Unaelewa? Hilo ndilo linaloniuma."

"Ndiyo maana nimekuja kabla. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza. Nitafutiwa yangu, basi."

"Na wewe ungekaa nalo tumboni, kila Jumapili?"

Sekela akachora mstari kwenye tope kwa ncha ya buti.

"Wao hawakuniuliza," Ipyana akasema. "Wewe umeniuliza. Hapo kuna tofauti kubwa, mdogo wangu. Weka pingamizi. Wako watakaokasirika, labda hata mimi kesho nitaamka na hasira. Lakini mtu mzima hafichwi jambo lake." Akaokota kijiti, akakipangusa kwenye suruali. "Na nitakuja na sauti yangu isikilizwe. Nataka kumsikia huyo kijana."

Sekela aliteremka mlima. Woga ulikuwepo, lakini hakuwa nao peke yake tena.

*

Pingamizi lilisikilizwa Alhamisi saa nane mchana, saa moja tu kabla ya Utulizo. Chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, kofia ilionekana ikiwa tayari juu ya mto mweupe. Msajili, Bwana Lutengano Kasyupa, alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani mizito, na aliendesha mambo kwa kanuni. Kila neno lililosemwa mle lilisikilizwa na mashine ileile, ikaliandika ukutani pamoja na tafsiri yake, ili pasiwe na ubishi.

"Mashine imekwisha kuhoji watu elfu arobaini," akasema. "Hakuna aliyelalamika. Leo binti mmoja anatuambia haijui Kiswahili?"

"Hawakulalamika kwa sababu walitulizwa, Bwana Msajili," Bi Zamzam akasema. "Mtu uliyempenyezea raha kichwani atalalamika nini?"

"Hayo ni maoni. Mimi nataka ushahidi."

Mama Ipyana alikuwa amekaa kiti cha nyuma, amekasirika, ana hotpoti mapajani. Hakuja kumsaidia Sekela. Hilo alilisema wazi njia nzima. Alikuja kuomba mashine imsamehe mtoto, imtulize yaishe, maana pilau ya sherehe ilikuwa imeshaiva na nyingine kaibeba. Aliposikia mabishano yanapamba moto, akafanya anachofanya mama yeyote wa Tukuyu akiona watu wazima wanagombana na midomo mikavu. Akainuka na hotpoti yake.

"Samahani, baba Msajili. Kwani umekula?"

Msajili alishtuka. Hakuna kanuni ya swali hilo. "Bado, mama," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu. "Tangu asubuhi."

"Nilijua! Haya, sogea." Mama akafunua, harufu ikajaa chumba, akaanza kupakua.

Bi Zamzam ndiye aliyetazama ukutani kwanza. Akatoa mlio kama birika. Wote wakageuka. Mashine ilikuwa imeandika kwa herufi nzuri, zilizonyooka:

*Swali: Msajili amekula? Jibu: Bado. Tafsiri: Ndiyo. Msajili anaendelea kula.*

Bwana Lutengano Kasyupa aliangalia ukuta, akaangalia sahani ambayo alikuwa hajaigusa, akaangalia ukuta tena. Ipyana ndiye aliyeanza kucheka, akafuatia Sekela, kisha Bi Zamzam mwenye sweta mbili akawa anajifuta machozi. Mama Ipyana alisimama na kijiko hewani. "Mbona inasema uongo?" akauliza. "Mtu kasema ana njaa!"

"Ndivyo alivyoulizwa Sekela, mama," Ipyana akasema. "Ndivyo nilivyoulizwa mimi."

Hapo mama akaacha kijiko. Akamtazama mwanawe wa kwanza, na Sekela akaona jambo likimwingia polepole, kama baridi inayopenya nguo. Hakuwa ameambiwa habari ya Ipyana. Hakuna aliyethubutu.

"Chezesha sauti yangu, Bwana Msajili," Ipyana akasema. "Natoa ruhusa."

Msajili aliisukuma sahani kando, akaitikia kwa kichwa. Ikaja sauti laini ya mashine: bado unaitaka fani hii? Ikaja sauti ya kijana wa miaka kumi na tisa, nyembamba kuliko Sekela alivyoikumbuka. *"Bado."* Ting! Msajili akanyoosha mkono kuizima, Bi Zamzam akaushika, kwa sababu sauti ilikuwa inaendelea. Mashine ilikuwa imeshaacha kusikiliza, lakini haikuwa imeacha kurekodi.

*"Bado, samahani. Naomba siku moja tu. Nataka nikamwulize mama kwanza. Haloo? Mnanisikia?"*

Mama Ipyana aliketi, si kwenye kiti, ila sakafuni palepale alipokuwa amesimama. "Miaka sita," akasema. "Miaka sita nimesema moyoni, mtoto huyu hakuona hata haja ya kuniuliza. Nilikupikia, nikakufulia, nikakuombea, na moyoni nimekununia. Ipyana, baba yangu, nisamehe."

Ipyana akashuka sakafuni akamshika, na walilia wote wawili bila aibu, mbele ya kanuni zote za Msajili. Sekela aliwatazama. Alikuwa amekosa usingizi akifikiri ataivunja amani ya nyumba yao. Kumbe amani yenyewe ilikuwa na mfupa ndani.

Msajili alivua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema kwamba kofia ile isiguswe leo wala kesho, mpaka mashine ifundishwe upya na watu wanaoijua lugha. Wale mia tatu na kumi na mmoja waliobaki wapelekewe, si ujumbe wa ukutani, bali mtu wa kwenda kuketi nao na kuwaeleza. Na kwa habari ya binti, alifungua kitabu cha sheria, akafunua kurasa zilizogandana kwa kutoguswa. Ilikuwepo. Mtu ambaye hajaamua apewe Mwaka wa Mlango Wazi: aingie darasa lolote la chuo, siku yoyote, bila kuandikishwa fani.

"Fomu yake iko wapi?" akamwuliza Bi Zamzam.

"Sijapata kuiona, Bwana. Hakuna aliyewahi kuandikwa kuwa hajaamua."

Ikabidi fomu iandikwe kwa mkono. Sekela alitia sahihi yake kwa raha. Msajili akavuta sahani yake, akala.

Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Chini ya paa la kituo Ipyana alimgeukia mama. "Basi nakuuliza leo. Nichague nini?"

Mama Ipyana alifikiri. Alifikiri kwelikweli, kwa heshima, mpaka matone ya paa yakamlowesha bega. "Sijui, mwanangu," akasema. "Hata siku ile ningekwambia sijui. Ila tungekaa wote tusijue."

"Ingenitosha," Ipyana akasema, akachukua hotpoti akambebea.

Jumatatu iliyofuata Sekela aliingia chuoni. Ukumbi ulikuwa mrefu, na pande zote mbili palikuwa na milango. Kwa mara ya kwanza hakuna mlango uliomwuliza kitu. Aliuchagua wa tatu kwa sababu ndani watu walikuwa wanacheka. Mwalimu, mama mnene mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, akasimamisha somo.

"Wewe binti, ni wa fani gani?"

"Mgeni tu, mwalimu."

"Karibu, mgeni. Ila mgeni siku mbili; ya tatu tunakupa jembe!"

Darasa likacheka, naye akacheka nao. Akatafuta kiti, akakaa, akafungua daftari, hata kabla hajajua ni somo gani.